Bomba Lisilovuja

Wewe, umewahi kupandisha mtungi wa shaba uliojaa maji kwa ngazi tatu za mbao, zile zilizosimama wima kama za kupandia darini, huku umeinamisha kichwa usigonge boriti?

Kama hujawahi, basi usimcheke Thakumaya kwa kuhema. Nyumba yao pale Patan, mji wa kale wa Nepal, ilikuwa kama nyumba zote za kale za mtaa ule: chini ghala la mpunga na majembe, juu yake vyumba vya kulala, juu yake tena sebule, na kileleni kabisa, chini ya vigae, jiko pamoja na miungu ya nyumbani. Mgeni hapandi huko. Jirani wa miaka na miaka huishia sebuleni, akanywa chai yake hapo na kuondoka. Na kama mgeni hapandi, fundi bomba naye hapandi, labda awe mtoto wa nyumba hiyohiyo.

Thakumaya alikuwa naye huyo mtoto fundi bomba. Maji hata hivyo aliyapandisha kwa nyonga yake, mtungi wa asubuhi na mtungi wa jioni, na mwingine katikati kama kuna wageni. Kila alipofika kidato cha mwisho alishika kizingiti, akasubiri magoti yaache kutetemeka, na neno likamjia mdomoni: jamani, ningependa maji yawe huku juu. Akalimeza pamoja na pumzi. Maana katika nyumba ile mtu hakuweza kutaka bomba hivihivi. Ukitaka bomba umechagua upande.

Upande mmoja alikaa mumewe, mzee Panchalal. Ukoo wake ndio uliotunza hiti ya mtaa tangu enzi za wafalme. Hiti yenyewe ni lile shimo pana lenye ngazi za mawe, ukishuka unakuta mnyama wa jiwe ametumbua macho, maji yanamtoka kinywani mchana na usiku bila koki. Nyuma ya mnyama huyo ulipita mfereji wa matofali chini ya nyumba za watu, hadi kwenye kidimbwi kule juu, nao ulizibwa kwa udongo mweusi uliokanyagwa kwa miguu mpaka ukawa laini kama siagi. Upande wa pili alikaa Subin, mtoto wao wa pekee, aliyejifunza ufundi wake katika nchi za Waarabu na kurudi na msumeno wa kukatia plastiki na makopo ya gundi.

Mwaka huo hiti ilianza kukauka. Maji yaliyokuwa mazito kama mkono wa mtu mzima yalipungua, yakawa kama uzi. Kamati ya mtaa ikakutana, ikachangisha, na kazi ikapewa Subin: alaze bomba la plastiki ndani ya mfereji wa kale, kutoka kidimbwini hadi kinywani mwa yule mnyama, kabla ya Sithi Nakha, siku ya kusafisha hiti na visima vyote kabla mvua haijaingia.

*

"Mrija," alisema Panchalal. Walikuwa wameketi chini kwenye mikeka, wanakula wali na mboga ya majani ya haradali. "Mwanangu anakwenda kumtia mnyama wa jiwe mrija mdomoni, kama mtoto anayekunywa soda."

"Umeshaanza," alisema Subin.

"Sijaanza. Nikianza utajua."

"Baba, udongo wako unataka wanaume wa kukanyaga wiki nzima. Wako wapi? Kina Kajiman wa kamati wana maduka. Watoto wao wako Korea. Nani aje akukanyagie matope?"

"Babu yako aliukanyaga akiwa na homa."

"Akafa."

Thakumaya alikuwa ameshika upawa. Aliwaongezea wali wote wawili kwa mpigo, ili midomo ipate kazi nyingine. Haikusaidia.

"Bomba langu halivuji tone," Subin aliendelea. "Mfereji wako umejaa nyufa. Nimeingiza mkono mwenyewe. Unavuja kila mahali kama kikapu."

Panchalal aliacha kutafuna. Alimtazama mwanawe, akacheka kwa pua, akarudi kwenye sahani yake.

"Unacheka nini?"

"Nakula wali. Mtu haruhusiwi kula wali kwake?"

Rojina, mke wa Subin, aliinuka polepole akaanza kukusanya vyombo ingawa watu hawajamaliza. Huyu binti alikuwa na maneno machache, lakini chumbani kwake, chini ya kitanda, lilikaa jiko jipya la gesi ndani ya boksi. Thakumaya alikuwa ameliona siku akifagia. Alijua maana yake. Wenzake wa rika lake walikuwa wamepatwa na jambo hilo mmoja baada ya mwingine: mtoto anatoa jiko lake, anapika ghorofa ya kati, na kuanzia hapo mnaishi nyumba moja kama wapangaji. Mtaa mzima unajua siku hiyohiyo, kwa harufu ya vyungu viwili.

"Nisikilize, baba," Subin alisema, sasa kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyomtisha mama yake. "Kazi hii ikienda vizuri, nyumba zote hapa zitanipa kazi. Pampu, simtanki juu ya paa, koki jikoni. Ukiiharibu kwa fitina zako kwa wale wazee wenzako, mimi na Rojina hatuli tena chungu kimoja na wewe."

"Koki jikoni," Panchalal alirudia. "Jikoni kwa nani? Si humu. Nikiwa hai bomba halipandi nyumba hii. Mimi watu wananiita mwenye hiti. Ninywe maji ya tangi, kama mbuzi?"

Mtungi ulikuwa pembeni ya mlango, mtupu. Hakuna aliyeutazama. Thakumaya aliuchukua akashuka.

*

Siku ya kulaza bomba watu walikuwa wengi kama kwenye harusi. Mtaro ulikuwa umefukuliwa kando ya nyumba ya jirani yao Bekhamaya, na kifuniko cha mfereji wa kale kimeondolewa, matofali yake mekundu yanaonekana kama fizi. Kule juu walikuwa wameziba kidimbwi kwa magunia ya mchanga ili mafundi wafanye kazi pakavu. Thakumaya na Rojina walileta mchele wa kubonda, maharage ya kukaanga na chupa ya aila, ile pombe kali anayoipika kila mama wa nyumba.

Subin alifanya kazi safi, hilo tuseme. Alikata bomba, akakwaruza ncha kwa msasa, akapaka gundi kwa brashi, akazungusha kidogo anapolisukuma liingie, akashikilia mpaka gundi ishike. Kisha kipande kingine. Hakuongea ovyo. Thakumaya alificha tabasamu nyuma ya kitambaa chake.

"Dada, mwanao ana mikono ya daktari," Bekhamaya alisema kutoka dirishani kwake. Huyu jirani alikuwa hasifu bila kuchoma. "Sijui hiyo akili kaitoa wapi. Si kwa babake."

"Babake naye alikuwa na mikono," Thakumaya alijibu.

"Alikuwa. Sasa ana mdomo. Yuko wapi, mbona leo hatumsikii?"

Panchalal alikuwa ameketi kwenye baraza ya mtaa pamoja na wazee wenzake, miguu imekunjwa, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Alikuwa kimya. Mtu ambaye hawezi kupita mbele ya jirani anayemwagilia kitunguu bila kumwambia anakosea, leo alikaa kimya tangu asubuhi, anavuta sigara yake na kuutazama ukuta wa mtaro.

Thakumaya alimpelekea aila. Akafuata macho ya mumewe. Ukuta wa mtaro ulikuwa unatoka jasho. Matone madogomadogo yalichomoza kati ya udongo na matofali, yakakutana, yakateremka ndani ya mfereji, na kupita pembeni ya bomba jeupe.

"Mbona umenyamaza hivyo?" alimuuliza.

"Nimeulizwa na nani?"

"Nakuuliza mimi."

"Wewe unauliza kwa nini nimenyamaza. Si habari ya bomba." Alikunywa, akafuta sharubu. "Kazi nzuri. Inang'aa. Mwache amalize."

Na akatabasamu. Thakumaya hakupenda tabasamu lile, lakini hakujua alipeleke wapi. Aliogopa kumwita Subin kando na kumwambia baba yako anatabasamu. Angemwambia nini zaidi?

Wakaziba nafasi zote zilizobaki kwa saruji, wakafukia, wakapiga zulia la saruji juu. Magunia yalipotolewa kule kidimbwini, maji yaliyokuwa yamezuiliwa yalishuka kwa kishindo, na mnyama wa jiwe akatapika mkondo mzito uliowalowesha watoto waliokuwa wamekaa karibu. Watu walishangilia. Mwenyekiti Kajiman alimvisha Subin shada la maua ya chungwa. Bekhamaya alimtia unga mwekundu wa baraka kwenye paji la uso mpaka ukamwingia machoni.

Jioni hiyo Thakumaya alijaza mtungi kwa kufumba na kufumbua. Alipopanda alimkuta Subin sebuleni, bado ana maua shingoni, anapima ukuta kwa utepe. Hakumuuliza anapima nini. Alisimama nyuma yake na mtungi nyongani mpaka kiuno kikamuuma, akitazama utepe ule ukipanda kuelekea jikoni. Mlango wa chini ukalia, Panchalal akakohoa, na Subin akaukunja utepe na kuutia mfukoni.

*

Asubuhi ya Sithi Nakha mtaa wote ulishuka hiti na mafagio, ndoo na jembe. Siku hiyo, watu huamini, nyoka watakatifu wanaomiliki maji huondoka kwenda kwenye sherehe za kwao, kwa hiyo mtu anaweza kukoroga matope yao bila kuwaudhi. Thakumaya alikuwa amelowesha dengu nyeusi tangu usiku ili akaange chapati zake nene, zile ambazo bila hizo siku haijawa siku.

Mnyama wa jiwe alikuwa anadondosha. Tone. Halafu ukasubiri. Halafu tone.

Wanawake walisimama na mitungi yao. Mwanzoni kila mmoja alidhani ndiye wa kwanza kuona. Kisha Bekhamaya akaja mbio, sketi imepandishwa magotini, miguu yake imejaa matope.

"Mpunga wangu!" alipiga kelele. "Ghala langu limejaa maji! Yanatoka sakafuni! Magunia ya chini yote yameota!"

"Maji yametoka wapi, dada?" Kajiman aliuliza.

"Nikuulize wewe mwenyekiti! Hiti kavu, na kwangu nafuga samaki!"

Macho yote yakamgeukia Subin. Alikuwa ameshapanda kwenye jiwe, amemwingiza mnyama mkono kinywani hadi kwenye kiwiko.

"Halijaziba," alisema. "Bomba liko sawa. Halivuji. Nimelijaribu kwa presha mbele yenu."

"Basi maji yako wapi, fundi?"

"Kidimbwi kimepungua, labda..."

"Fundi wa mrija!" mtu mmoja alipiga kelele nyuma, na watu wakacheka. Thakumaya aliwatazama mmoja mmoja. Waliomvisha mwanawe maua juzi walikuwa haohao, na shada lenyewe lilikuwa bado limetundikwa sebuleni, halijanyauka sawasawa.

Hapo ndipo Panchalal alipoinuka. Alikuwa amevaa koti lake la sherehe. Alishuka ngazi za mawe moja moja, kama bwana harusi, akasimama mahali ambapo wote wanamwona.

"Nyie mnafikiri kile kidimbwi ndicho kilichokuwa kinawanywesha?" alianza. "Kidimbwi kimejengewa nyumba pande tatu, hakitoshi kunyweshea bata. Mfereji wa babu zangu ulikuwa unakunywa njia nzima! Chini tumeukandika udongo maji yasitoroke, pembeni na juu tumeuacha wazi maji ya ardhini yaingie. Huyu bwana akaona nyufa. Zile si nyufa, ni midomo. Akaiziba yote kwa saruji, akaweka bomba lisilovuja. Kweli halivuji! Halivuji nje wala halivuji ndani. Sasa maji yaende wapi? Yanakwenda kumtembelea Bekhamaya."

Watu walinong'ona. Wengine wakatikisa kichwa kwa kustaajabu. Mzee mmoja akasema hayo ndiyo maneno, hayo sasa ndiyo maneno. Panchalal alikivuta kifua juu.

Subin alishuka kwenye jiwe. Mkono wake ulikuwa unachuruzika. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa na uso wa mtu anayepiga hesabu na kuikuta sahihi.

Thakumaya ndiye aliyemuuliza mumewe. Sauti yake ilitoka ndogo, lakini shimo lile la mawe hukuza sauti.

"Siku ile ya mtaro, ukuta ulikuwa unatoka jasho. Uliuona?"

"Niliuona. Mimi sioni?"

"Siku ileile ulijua?"

"Nilijua kabla hajakata bomba la kwanza," alisema Panchalal, bado anatabasamu kwa wenzake. "Nilimwacha ajifunze."

Yule mzee aliyemsifu akasogea kando. Kisha Bekhamaya akatoka kwenye kundi, akaja mpaka puani kwake.

"Kwa hiyo mpunga wangu umeota ukiwa unajua, mzee?"

"Mimi? Aliyelaza bomba si..."

"Ulikaa pale barazani! Ulikunywa aila! Ulinitazama dirishani kwangu, ukanipungia mkono!"

"Na michango ya watu," alisema Kajiman, uso umemwiva. "Mimi nilikwenda nyumba kwa nyumba. Kuna wajane walionipa. Mzee Panchalal, ungesema neno moja tu."

"Hakuniuliza!"

"Umejitia mwenye hiti," Bekhamaya alisema, "kumbe ni mwenye kijicho tu." Akatema mate kando, karibu sana na koti la sherehe, akaenda kuokoa magunia yake.

Hakuna aliyemsaidia Panchalal kupanda ngazi. Kajiman alisema kwa sauti, bila kumtazama baba wala mwana, kwamba watatafuta fundi mtaa mwingine. Na kwa kuwa dengu zilikuwa zimelowa na siku ni siku, wanawake wakachukua mitungi yao wakaenda kuomba maji hiti ya mbali, ng'ambo ya barabara ya magari.

*

Foleni ya huko ilikuwa ndefu. Wenyeji wa pale walichota kwanza, kama haki yao, kisha wakawaachia wageni.

"Nyie si ndio mna mafundi wawili nyumba moja?" mwanamke mmoja alimuuliza Thakumaya. Alikuwa anasugua ndoo yake taratibu, makusudi. "Mmoja wa kale, mmoja wa kisasa. Na bado mnakuja kwetu?"

Wenzake wakacheka. Thakumaya akacheka nao kidogo, kama mtu afanyavyo akiwa anaomba. Alijaza, akaweka mtungi nyongani, akavuka barabara katikati ya pikipiki. Maji yalikuwa yanamwagikia ubavuni hatua kwa hatua. Alipofika kwenye mlango wa nyumba yake alisikia makelele kutoka juu kabisa.

Alipanda ngazi ya kwanza. Alipanda ya pili. Rojina alikuwa sebuleni, ameketi juu ya boksi tupu la jiko la gesi, analia bila sauti. Kwenye ngazi ya tatu walisimama wanaume wake wawili. Subin alikuwa anateremka, kakumbatia chungu, kinu kidogo na gunia la mchele, fungu la nyumba yake. Panchalal alikuwa chini yake, kaziba ngazi kwa mikono miwili.

"Nipishe, baba."

"Rudisha chungu mahali pake! Leo sikukuu, unataka watu wasikie harufu ya vyungu viwili?"

"Si ulitaka nijifunze? Nimejifunza. Nimejifunza wewe ni mtu wa namna gani."

"Umewaaibisha babu zako!"

"Wewe umeniuza mimi! Kwa watu wakupigie makofi!"

"Mlevi wa gundi!"

"Mchawi wa matope!"

Kisha Subin akamwona mama yake kule chini, katikati ya ngazi, jasho linamwingia machoni.

"Mama, mwambie anipishe."

"Mwambie huyo mwanao," alisema Panchalal bila kugeuka, "arudishe vitu jikoni."

"Sema basi, mama. Kila siku unakaa kimya. Uko upande wa nani?"

"Ndiyo, sema," alisema Panchalal. "Aelewe."

Hapakuwa na mahali pa kuweka mtungi. Ngazi ilikuwa nyembamba, na nyonga yake ilikuwa imekufa ganzi. Aliunyanyua kwa mikono miwili, akamsukumia mumewe mgongoni.

"Shika."

Panchalal aligeuka akaudaka kwa sababu asingeudaka ungeanguka. Uzito ule ulimvuta mabega, akajikuta ameketi kwenye kidato, mtungi mapajani, maji yamemlowesha koti lote la sherehe. Alitaka kuuweka chini akakosa pa kuuweka. Alitaka kuinuka nao akashindwa.

"Mzito," alisema.

"Mzito," alisema Thakumaya.

Akaegemea ukuta. Alipumua. Mwanawe alishuka kidato kimoja. Chungu kilikuwa bado kifuani mwake.

"Siko upande wa mtu," alisema. "Mmepigana siku zote hizi kwa ajili ya maji. Udongo, plastiki, udongo, plastiki. Sijamwona mmoja wenu akiyabeba hata kwa ngazi moja. Wewe mzee utakwenda kwa Bekhamaya, utamwomba radhi, halafu utafukua ule mfereji na kuukandika upya. Watu wa kukanyaga udongo wakikosekana nitakanyaga mimi, kwa magoti haya haya. Na huyu atachimba pamoja nawe, maana saruji ni yake."

"Na baada ya hapo tutatoa jiko letu," alisema Subin.

"Toeni. Sitawashika. Lakini kabla hujatoa hata kijiko, utanitilia bomba. Tangi ghalani, bomba mpaka kule juu, karibu na jiko langu, na pampu ya kuyasukuma maji. Fundi mwingine hawezi kupanda huku. Ni wewe tu."

"Bomba?" Panchalal alimtazama kana kwamba amemkuta mtu asiyemjua ngazini kwake. "Nyumba hii?"

"Nyumba hii."

"Tangu lini wewe ukataka bomba?"

"Tangu siku ya kwanza niliyopanda ngazi hii nikiwa bibi harusi," alisema Thakumaya. "Hakuna aliyeniuliza, nami nikanyamaza. Sasa nasema. Nimechoka kuyapandisha. Nataka maji yapande yenyewe."